Mgeni wa Kopo la Vanishi

Mimi hakuna mdudu wa kunitisha. Nimeua tandu kwa kandambili, nimemtoa siafu sikioni mwa mtoto wa jirani kwa mafuta ya kupikia, na nyuki nimewafukuza dirishani kwa ufagio huku wanaume wazima wamejifungia chooni. Muulize yeyote mtaani kwetu. Ila usimuulize mjukuu wangu mkubwa, kwa sababu yeye aliniona siku nilipokutana na dudu lao uso kwa uso. Atakwambia bibi alipanda juu ya kiti, kiti kikamkataa, wakaanguka wote wawili, na aliyepiga kelele zaidi hakuwa kiti.

Lakini ngoja niende polepole, maana nikikimbia nitaipita habari yenyewe.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu nyuma na karakana mbele, mlango wake unafungukia barabarani. Mkwe wangu ni seremala. Zamani alitengeneza vitanda, meza na fremu za milango. Siku hizi ni majeneza zaidi, kwa sababu mtu anayetaka kitanda anaweza kulala chini mwaka mzima huku anafikiria, lakini jeneza halina kufikiria. Ana jicho la kupima. Akikutazama mara moja ameshajua urefu wako na upana wa mabega, ndiyo maana watu wakipita mbele ya karakana wanamsalimia upesi upesi bila kusimama wima. Hata mimi nikimpelekea chai huwa nainama kidogo.

Binti yangu alikuwa mke wake, na ndiye aliyekuwa fundi wa ndani. Yaani mume anapigilia mbao, mke anashona kitambaa cheupe cha kuvika ndani ya jeneza, chenye mikunjo midogo midogo, na kimto cha kichwa. Alipougua nilikuja kumuuguza wiki mbili. Nikakaa miezi minane. Alifariki mwanzo wa mvua, asubuhi, maji ya uji yakichemka, na uji wenyewe haukupikwa tena. Kimto cha kwanza kushona maishani mwangu kilikuwa chake. Kilitoka na mabonge upande mmoja. Nikakifumua, nikakishona upya, kikatoka na mabonge upande wa pili, na watu walikuwa wanasubiri nje. Basi akaenda nacho hivyo hivyo. Sasa vyote nashona mimi. Wateja hawajalalamika hata mmoja.

Jeneza lake mkwe wangu alilitengeneza peke yake, mlango wa karakana kaufunga, hakutaka msaada wa mtu. Alipolitoa lilikuwa la kahawia, vanishi inang'aa kama kioo. Akasimama mbele ya waombolezaji, na mtu huyu si wa maneno mengi, akasema: "Mninga mtupu. Mke wangu mdudu hatamgusa." Mninga, kwa asiyejua, ni mbao nyekundu, ngumu, mdudu akiiuma anabaki kibogoyo. Mbao zile alikuwa amezitunza kwa miaka, zimeegemezwa ukutani, kwa ajili ya kabati alilomwahidi mke wake.

Neno hilo ndilo lililonisimamisha siku ile. Na baada ya siku ile nililitembeza mtaa mzima. Nililisema bombani, nikalisema kwenye foleni ya unga, nikawaambia hata watu ambao hawakuniuliza kitu. Mwanangu kalala ndani ya mninga! Kuna wenzangu wamezika watoto wao kwa mbao za masanduku ya sabuni, mimi napita mbele yao shingo juu. Kumbe hata msibani mtu anaweza kuringa. Nimejaribu, inawezekana kabisa.

Wajukuu ni wawili. Mkubwa ana miaka minane, msichana, tunamwita Wakili, kwa sababu ukimwambia nenda kaoge atakuuliza ushahidi wa uchafu uko wapi. Mdogo ana miaka sita kasoro. Huyo tulimwita Redio. Redio alikuwa akiamka anaongea, akila anaongea, akioga anaongea na povu linamwingia mdomoni. Siri ya nyumba hii ilikuwa haimalizi mchana mmoja. Ndiye aliyemwambia mwalimu wa dada yake kwamba bibi analamba sukari kwa kijiko akidhani watu wamelala, na mwalimu akaja kunisalimia huku anacheka.

Tangu siku tulipomzika mama yao, Redio hakusema neno. Siku ya kwanza tukasema ni msiba. Wiki ya kwanza tukasema ni msiba. Mwezi ulipokwisha nikambeba mgongoni, na mgongo wenyewe huu, mpaka zahanati. Muuguzi akamulika koo, akamulika masikio, akamwambia sema aaa. Redio akafungua mdomo, aaa haikutoka. "Hana ugonjwa, bibi," muuguzi akasema. "Msubirini." Tukasubiri miezi minne. Mtoto anatikisa kichwa, anavuta nguo, anaonyesha kwa kidole. Usiku akiota ndoto mbaya analia bila sauti, machozi tu yanatiririka, na hilo ndilo baya kuliko yote kwa sababu nisipogusa mto hata sijui kama analia.

Mwalimu wa darasa la kwanza alikuja nyumbani. Mwanamke mzuri, hakuwa na nia mbaya. "Nina watoto sabini na wawili darasani," akaniambia. "Shule zikifunguliwa, akiweza kunitamkia jina lake tu, nitampokea. Asipoweza, bibi, kuna ile shule ya wasiosema, ya bweni, iko mbali kidogo." Baba yake Redio alikuwa amesimama mlangoni, maranda ya mbao yamejaa kwenye nywele. Akarudi karakana nikasikia randa inaanza, na randa ile haikunyamaza mpaka jioni.

Basi hapo ndipo dudu linapoingia.

Nilikuwa natafuta mkebe wa nyuzi chini ya kitanda cha watoto. Nikaona kopo la vanishi, kubwa, limeoshwa, mdomo umefunikwa kwa kitambaa cheupe cha majeneza na kufungwa kwa uzi. Nikajiambia, kumbe hawa wananificha sukari. Nikafungua.

Ndani mlikuwa na kitu cheusi chenye madoa ya kijivu, kirefu kama kidole changu cha kati, na pembe mbili zilizopinda nyuma kama za ng'ombe wa maonyesho, ndefu kuliko mwili wenyewe. Kikanitazama. Nikakitupa. Kiti unajua habari zake.

Wakili akaingia mbio. "Bibi! Usipige kelele hivyo, utamtisha!"

"Mimi ndiye nimtishe yeye?"

"Alikuwa ndiyo kwanza anazoea."

"Nani anazoea?"

"Mgeni."

"Mgeni gani huyo haingii mlangoni akapiga hodi?"

"Huyu haongei lugha yetu," Wakili akasema, "kwa hiyo hodi hawezi kuijua." Nami niko chini, sketi imenifunika uso, nimeshindwa kesi.

Redio alikuwa amemfuata dada yake. Hakunitazama mimi. Alipiga magoti, akalishika lile dudu kwa vidole viwili mgongoni, nalo likalia. Sikujua kama wadudu wa namna ile wanalia. Krii, krii, kama bawaba ya mlango mdogo. Redio akalisogeza karibu na midomo yake, akasema kwa pumzi tu:

"Pole. Bibi hakukusudia."

Maneno matatu. Nilijiziba mdomo kwa upindo wa nguo nikabaki pale pale sakafuni, nikajifanya kiuno ndicho kinachoniliza. Wakili akaniinamia sikioni. "Anaongea naye kila siku," akaninong'oneza. "Na sisi haongei. Ukimwangalia ananyamaza. Kwa hiyo usimwangalie."

Sikumwangalia. Nilijikokota mpaka chumbani kwangu nikakaa kitandani kama mtu aliyeiba.

Sasa elewa ubaya wenyewe ulipo. Dudu lile nililijua baada ya kutulia. Ni dumuzi. Anakulia ndani ya mbao akiwa funza, anaila kimya kimya, mwaka, miaka miwili, halafu siku moja anatoboa tundu anatoka na pembe zake, na wenye nyumba ndipo wanajua walikuwa na mpangaji. Seremala kumkuta dumuzi nyumbani ni kama muuza maziwa kumkuta paka juu ya ndoo. Mkwe wangu hana mchezo na hao. Kuna mteja alileta kabati la kurekebishwa mlango, mkwe wangu akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akalitoa nje akaita mwenyewe. "Utalichoma wewe au nilichome mimi?" Mteja akadhani ni utani. Haukuwa utani. Hata yule mdudu aliyetoka hakumkanyaga, alimshika kwa koleo akamweka motoni, akasimama kumtazama mpaka mwisho. Kwa kazi yake ni sawa. Ana mbao za watu zimejaa mle ndani.

Kwa hiyo nikawa mtu wa kundi la watoto. Mimi, bibi mwenye mvi, nikawa nasimama zamu mlangoni. Baba akija nakohoa. Nilikohoa sana wiki ile, mpaka mkwe wangu akaniletea dawa ya kifua, na niliinywa, ningefanyaje? Chungu hiyo!

Kumlisha Mgeni kulikuwa kazi. Tulimjaribu na maji ya sukari kwenye pamba, akanywa kidogo. Sukari yangu hiyo. Tukampa ganda bichi la tawi, hilo alilitafuna. Mchana analala, jioni anatembea kuzunguka kopo, pembe zinapapasa ukuta, kra, kra, kra, hachoki. Redio anakaa naye kwenye pembe ya chumba, mgongo kautupa kwetu, anamsimulia. Mimi nashona upande wa pili wa pazia, sindano juu, masikio nje. Nilisikia habari za mvua. Nilisikia habari za mbwa wa mwenye duka kuvimba jicho. Nilisikia kwamba maharage ya bibi siku hizi yana chumvi nyingi kuliko ya mama, na nikakubali, kwa sababu ni kweli.

Siku ya tano Redio aliinua kichwa akamwambia dada yake, kwa sauti ya kukwaruza, "Mpe maji." Dada yake akampa maji bila kugeuka, kama kwamba ni jambo la kila siku. Mtoto wa miaka minane. Halafu akaja nyuma ya pazia akanishika mkono akaubana mpaka sindano ikanichoma. Zilikuwa zimebaki siku tisa shule kufunguliwa. Nikahesabu kwa vidole: Mgeni akiendelea kuishi, mtoto akiendelea hivi, siku tisa zinatosha jina moja.

Lakini Mgeni alikuwa anachoka. Asubuhi moja tulikuta mguu mmoja umebaki kwenye kitambaa, yeye yuko chini na mitano. Wadudu hawa wakishatoka kwenye mti hawana muda. Nilijua, sikusema. Nilianza kuamka kabla ya watoto, niangalie kama yupo. Aliyepanda kiti kwa kumwogopa ndiye huyo huyo akawa anambandulia maganda kwa kisu na kumwambia, "Kula baba, kula."

Ndipo nikamuuliza Wakili, "Hivi mlimtoa wapi?"

"Alikuja mwenyewe."

"Kwa miguu?"

"Si anayo sita? Alikuwa nayo sita."

"Wakili."

"Bibi, swali hilo silijibu."

"Basi sukari ya Mgeni imekwisha leo."

Akafikiri. Akaenda kwenye kona ya kitanda chao, akavuta furushi. Ilikuwa sketi ya mama yao, ile ya bluu. Nilidhani ilizikwa naye. Ndani ya sketi kulikuwa na kipande cha ubao, urefu wa mkono wangu mpaka kiwiko. Upande mmoja kahawia, unang'aa vanishi. Katikati tundu la duara, penseli ingepita.

"Ni kipande cha sanduku la mama," Wakili akasema. "Redio alikuwa nacho mkononi siku ile. Tunakilaza katikati yetu. Halafu siku moja tukasikia kinakwaruza ndani."

Nilikichukua. Kilikuwa chepesi, na mninga una uzito. Hapo tu ningetosheka, lakini nilikipeleka dirishani. Ndani ya tundu palikuwa peupe. Unga uliodondoka kwenye sketi ulikuwa mweupe kama wa mahindi. Mimi nafagia karakana ile kila siku tangu nije. Unga wa mninga ni mwekundu, na ukiuvuta puani lazima upige chafya, haina mjadala. Nilichota kidogo kwenye ncha ya kidole, nikavuta. Nikangoja. Chafya haikuja. Ilikuja harufu ya msonobari, ile ya dawa ya kusugulia sakafu, mbao laini nyeupe ambayo mdudu anaila huku anaimba. Imepakwa rangi.

Nikamkumbuka mkwe wangu amesimama mbele ya watu. Nikajikumbuka mimi bombani.

"Bibi," Wakili akasema. Sauti yake haikuwa ya uwakili. "Kama huyu alikuwa kwenye hiki kipande, na kule kwa mama wako wengine?"

"Hapana. Hawa hutoka wakisikia watoto wanacheza. Kule hakuna kelele, hawawezi kukaa."

"Kwa hiyo mama yuko peke yake."

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Swali hilo hatukufika.

Usiku ule sikula, na asubuhi nilimpelekea mkwe wangu chai nikasimama wima kabisa mbele yake. Nilitaka kumuuliza. Maneno nilikuwa nimeshayapanga, makali, mengine sikujua kama ninayo. Lakini nikimuuliza habari ya ubao, ataniuliza nimeuona wapi. Nikimwonyesha ubao, ataona tundu. Akiona tundu atamtafuta aliyelitoboa, na akiwekwa kwenye makaa yule mdudu, sauti ya mtoto inakwenda naye. Nikatazama mikono yake, imechubuka, gundi imemkaukia kwenye kucha. "Mama, kuna nini?" akaniuliza. "Chai ni ya moto," nikasema. Nikaondoka na hasira yangu nikaishonea kwenye kimto cha mtu. Yule marehemu sijui alilalaje.

Zilibaki siku nne.

Jumamosi mchana mkwe wangu aliingia ndani kutafuta kitambaa cheupe, mteja yuko nje. Mimi nilikuwa uani natwanga. Sikukohoa. Nilisikia tu hatua zake zinapita kwenye korido, halafu zinasimama. Na ndani ya chumba cha watoto nikasikia krii, krii.

Mama anasikia mtoto wake hata kwenye soko. Seremala ndivyo anavyomsikia dumuzi. Nilipofika, mchi wa kutwangia ungali mkononi, yeye alikuwa keshaingia. Redio amelikumbatia kopo kifuani, amejibana ukutani. Wakili amesimama mbele yake kanyoosha mikono.

"Lete hapa," mkwe wangu akasema.

"Hana kosa," Wakili akasema.

"Lete hapa. Nani kamwingiza huyu ndani ya nyumba yangu?"

"Mimi," nikasema.

Akageuka. "Wewe, mama?"

"Mimi. Alikuja na kuni zangu za jikoni. Nikasema watoto wachezee."

"Mama, sisi tunapikia mkaa."

"Za jirani," nikasema. "Kuni za jirani. Nilikwenda kuomba moto."

"Jirani ana jiko la mafuta."

Uongo wangu ulikufa pale pale mbele ya wajukuu zangu, na mimi ndiye ninayewafundisha kudanganya, yaani kutodanganya. Mkwe wangu hakucheka. Alikuwa ameshainama, anaangalia sakafu kama afanyavyo, anafuata unga. Uliishia kwenye kona ya kitanda. Akavuta furushi la bluu. Sketi aliitambua kwanza, nikaona jinsi mkono ulivyosita. Halafu akaifunua akaona ubao.

Hakuugonga kwa kifundo, hakusikiliza. Akauviringisha tena kwenye sketi, haraka haraka, vibaya, akatoa kibiriti mfukoni. Sauti ilikuwa imebadilika.

"Takataka hii," akasema. "Nachoma yote pamoja. Ubao na mdudu wake."

"Hicho ni cha mama!" Wakili akalia.

"Cha mama yupi? Mama yenu nilimtengenezea mninga. Hiki ni cha sanduku la yule mzee mwenye mashine ya kusaga. Karakana ina vipande mia."

"Redio alikuwa nacho siku ile ile!"

"Alikosea. Ni mtoto. Mliokota kingine." Akanigeukia mimi. Macho yalikuwa mekundu, na sikuwahi kumwona mkwe wangu akiniomba kitu tangu aje kuniomba binti. "Mama, si unajua? Mwambie huyu mtoto. Ilikuwa mninga."

Na mimi nilikuwa nakwenda kusema ndiyo. Siku zile zote nilikuwa nataka kumkata kwa maneno, na sasa amejileta mwenyewe, nilikuwa nakwenda kusema ndiyo baba, mninga, nilinusa mwenyewe. Kwa sababu niliona mtu amezama mpaka hapa shingoni. Mdomo niliufungua.

"Si mninga."

Haikuwa kwa kunong'ona. Ilikuwa sauti ya Redio yenyewe, kubwa, ya kukwaruza kama imetoka chini ya mchanga. Sote tukageuka. Amelishika kopo kwa mikono yote miwili, na macho kayaelekeza kwa mdudu, anamwambia mdudu, lakini tulisikia sote mpaka mteja nje.

"Si mninga. Mimi nilishika ncha ya futi ya kupimia. Baba alikata ule mwekundu, ukawa mfupi. Akakata mwingine, mfupi tena. Mikono yake ilikuwa inaruka. Yote ikawa mifupi, mama hawezi kuingia. Baba akakaa chini akalia. Halafu akachukua mweupe akaupaka rangi. Akasema bibi asijue."

Akameza mate. Akaninyanyulia uso mimi, kama mtu anayeomba radhi.

"Mimi nikianza kuongea huwa nasema yote, bibi. Kwa hiyo nikanyamaza."

Wakili alishusha mikono. Nilitaka kumchukua yule mtoto, lakini mchi ulikuwa bado mikononi, sikujua niuweke wapi.

"Anaota huyu," mkwe wangu akasema. Alisema akinitazama mimi, siyo mtoto. "Mama, anaota. Siku ile hakuwemo karakana. Nilifunga mlango. Alikuwa kwa jirani, nilimpeleka mwenyewe."

"Nilikuwemo," Redio akasema. "Wewe ndiye ulinipa hicho kipande. Ulisema nicheze nacho, nikae upande ule, nisiangalie unavyopaka."

Mkwe wangu akafungua mdomo. "Mama," akaniambia, "ule mninga niliukata vibaya, wote."

Akakirudisha kibiriti mfukoni, na sisi watatu tunamtazama.